Ngazi ya Mawinguni, Mtaa wa Mabatini

Juzi nimekorofishana na shemeji yangu kwa sababu ya zawadi. Binti yake amepata kipaimara, na mimi, mama yake mdogo, nikampelekea flashi yenye filamu sita. Si za mapenzi wala za kupigana. Ni zile za ajabu ajabu, ambamo mji umejengwa mgongoni mwa konokono na mtu anaamka asubuhi akakuta kivuli chake kimehama nyumba. Shemeji alitazama dakika kumi, akazima. "Shemeji," akaniambia mbele ya wageni, "wenzako wameleta Biblia, rozari na kamusi. Wewe mtu mzima na akili zako umemletea mtoto uongo?" Nikamjibu kwamba huo ndio uongo niliouchagua kwa mikono yangu mwenyewe, na Krismasi nitaleta mwingine. Akageukia mchuzi wake wa sato.

Wewe mwenzangu uliyekulia Mwanza miaka ile ya tisini utanielewa. Unaikumbuka Mabatini, nyumba zimebanana, mawe makubwa yametuinamia kwa juu kama yanasikiliza tunayosema. Unakumbuka harufu ya mapanki yakikaangwa barabarani, maana minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukabaki na mifupa yake, na tuliila kwa furaha, pilipili na limau juu. Maduka yalikuwa yamejaa ghafla. Sabuni za rangi, redio, mitumba ya kuchagua hadi uchoke. Ila viwanda navyo vilikuwa vinapunguza watu, na baba yangu, karani katika kampuni ya pamba, alirudi kila jioni amekunja uso, akitusalimia kwa shingo upande. Runinga wengi wetu ndiyo kwanza tulikuwa tunaiona.

Mwaka mmoja katika hiyo baba alimleta mama yake kutoka Kagera kwa meli. Bibi alishuka gatini na mkungu wa ndizi, kopo la senene wa kukaanga, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna ambacho hakukiachia mkononi hata tulipombebea vingine vyote. Kwao mgeni hakaribishwi mikono mitupu, anapewa punje za kahawa atafune. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amepika kwa kuni maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, na moshi ulikuwa umeyala. Kule kwao hakuna aliyejali, maana bibi wote walikuwa na macho ya namna ile. Mabatini watu walikuwa wakimtazama, kisha wakatazama pembeni, maana huku macho mekundu ya mwanamke mzee yalihesabiwa kuwa ya mchawi.

Bibi alikuwa fundi wa hadithi. Kihaya kina utaratibu wake: msimulizi huanza kwa kusema nilikuja, nikaona. Wasikilizaji nao humjibu, ona, nasi tuone. Ndipo hadithi inapoanza, na kuanzia hapo msimulizi anasema kila kitu kama shahidi. Sungura aliongea, nilikuwapo. Jiwe lilizaa, nilikuwapo. Hakuna anayemuuliza ulikuwapo vipi, huo ni utovu wa adabu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele miguuni pake na kumwitikia.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja ambaye sisi watoto tulimwita Mama Video. Sebule yake alikuwa ameigeuza banda, mabenchi manne, runinga moja na deki iliyohitaji kupigwa kofi ndipo ifanye kazi. Wateja wake walitaka karate na vita. Katika mzigo wa kanda alizonunua kulikuwa na chache ambazo hakuna aliyezitaka. Lugha yake haikujulikana ni ya wapi, hakuna aliyepigwa ngumi ndani yake, na mambo yalikwenda kama ndoto za mtu mwenye homa. Siku moja alipita uani kwetu akamkuta bibi anasimulia. Akasimama akasikiliza hadi mwisho, ndoo kichwani. Kesho yake akarudi na kanda tatu amezifunga kwa kitambaa. "Bibi, shikamoo. Hizi watu wangu wamezikataa, nikaona wewe zitakufaa. Ni zako. Ukitaka kuzitazama njoo saa nane mchana, kabla wateja wa karate hawajafika."

Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ya aina hiyo niliyowahi kuiona ikitolewa, na mpaka leo sijaona iliyomfaa mtu zaidi ya ile. Bibi alikwenda kila mchana umeme ulipokuwapo, kanga mbili safi kana kwamba anakwenda misa, nami nyuma yake. Kulikuwa na ile ya mzee aliyeshona mvua kwa sindano. Kulikuwa na ile ya kijiji ambacho vivuli vyake viligoma. Lakini aliyoipenda kuliko zote ni ya mjane aliyeunga ngazi kwa fito, akapanda hadi mawinguni kumpelekea marehemu mumewe koti, kwa kuwa alizikwa bila koti na kule juu kuna baridi. Bibi mwenyewe alikuwa mjane. Mara ya kwanza alilia waziwazi, mara ya pili akacheka, mara ya tatu akaanza kunitafsiria lugha asiyoijua, neno kwa neno, bila kusita.

Sasa sikiliza kosa letu. Bombani kulikuwa na foleni, ndoo zimepangwa, maji yanatoka kwa kudondoka. Wanawake walikuwa wanapiga soga, kila mmoja na lake. Bibi akaona ni zamu yake. "Nilikuja, nikaona," akasema kwa Kiswahili ili wote wafaidi. Na mimi, mjinga wa miaka kumi, nikaitikia kwa sauti kubwa kama nilivyofundishwa, "Ona, nasi tuone." Akasimulia ngazi, akasimulia mawingu yalivyokuwa na unyevu ukiyashika, akasimulia jinsi marehemu alivyoshukuru kwa lile koti. Alisimulia vizuri mno. Wengi pale walikuwa Wasukuma, Wajita na Wakerewe, hadithi zao zina milango yake mingine. Hakutaja kanda, kwa sababu msimulizi wa kwetu hasemi hadithi amezipata wapi. Alipomaliza alingoja wacheke. Mama mmoja akachukua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba yule bibi wa Kihaya mwenye macho mekundu hupanda mawinguni na kuzungumza na wafu. Jumamosi mtoto wa jirani yetu wa kushoto akashikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali, ikaonekana ni malaria, lakini nani alikuwa na haja na majibu ya hospitali? Bibi alikwenda kumpa pole mama wa mtoto, na kama ada yake akamnyooshea punje za kahawa. Yule mama alirudisha mikono nyuma ya mgongo. Bibi alibaki na kiganja wazi. Mimi niliona, na bado naona.

Unajua Usukumani miaka ile mwanamke mzee aliyeitwa mchawi alifanywa nini usiku kwa mapanga, sina haja ya kukueleza. Baba alijua. Kabla ya chakula cha jioni alimwambia, "Mama, kesho kutwa kuna meli. Nimeshazungumza na mtu wa tiketi."

"Siendi."

"Mama, hawa watu hawatanii."

"Na mimi sitanii. Nikipanda meli sasa watasema nimekimbia, kumbe ni kweli. Wewe utabaki hapa mtoto wa mchawi, na huyu," akaninyooshea kidole, "atakuwa mjukuu wa mchawi mpaka aolewe. Mimi nimefanya nini? Nimetazama picha."

Baba alimsihi hadi chakula kikapoa. Bibi akala kwa utaratibu, akaomba kuongezewa ndizi.

Mwenye uwezo wa kulimaliza jambo lile alikuwa Mama Video. Neno lake moja lingetosha, lakini alikuwa amejifungia. Bibi alipomwendea alijikanyaga kanyaga: biashara yenyewe changa, watu watasema banda lake linafundisha uchawi, bibi amwelewe. Bibi hakugombana naye. Alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni mwa banda, akakaa, akatafuna kahawa. Wateja wa karate walifika saa kumi, vijana wenye mabega, wakamwona, wakasimama mbali. Hakuna aliyethubutu kumruka. Siku ya kwanza banda lilibaki tupu. Siku ya pili vilevile. Bibi aliwasalimia wote vizuri na kuwauliza habari za nyumbani, na kila alipowatazama kwa yale macho walirudi hatua moja. Kama walitaka kumwogopa, basi na waogope hadi mwisho. Siku ya tatu Mama Video akatoka amejitanda kanga, akasema, "Bibi, umeshinda. Jumapili."

Jumapili baada ya ibada za wote, mtaa ulijaa. Balozi wa nyumba kumi aliwekewa kiti mbele. Mama wa mtoto aliyeugua alikuja naye mgongoni, ameshapona, anatafuna mkate. Madirishani watoto walining'inia kama nguo. Mama Video akasimama, akasema kwamba kanda hizi ni zake, yeye ndiye alimpa bibi zawadi, na alichosimulia bibi bombani alikiona humu ndani na si kwingine. Akaipiga deki kofi.

Picha ikaja, na mistari yake ya theluji. Mjane akakata fito. Mjane akaunga ngazi. Alipokanyaga kipande cha kwanza, mtu nyuma akasema, "Ngazi si ndiyo hiyo." Bibi alisimama kando ya runinga na kutafsiri yote, na mawingu yalipofika hata waliokuja kufanya fujo walikaa chini. Marehemu alipovaa koti, likiwa fupi mikononi, banda zima lilicheka. Kisha niliona wanawake wawili watatu wakijifuta kwa ncha za kanga. Mabatini kila mtu alikuwa na wake aliyemzika bila kitu fulani.

"Kumbe ni picha," balozi akasema, akainuka na kujinyoosha. "Basi wananchi, jambo limekwisha. Bibi, utusamehe."

Watu walianza kuondoka, wamefurahi. Ndipo bibi akasema, "Balozi, ngoja kidogo. Ni picha, ndiyo. Na kama nisingekuwa na kanda?"

"Bibi, si tumekubali?"

"Mmekubali kwa sababu nimewaonyesha. Asiye na kanda awaonyeshe nini?"

Balozi alicheka kicheko cha kumaliza mazungumzo, akasema tusilirefushe. Wakati huo nilimwona mlangoni mama mmoja mzee ambaye sikuwa nikimfahamu, baadaye nikaambiwa ni Msukuma, aliyekaa chumba cha kupanga ng'ambo ya mawe na kuuza karanga. Macho yake yalikuwa kama ya bibi. Bibi naye alimwona. Walitazamana juu ya vichwa vya watu, kisha yule mama akajifunika ushungi na kuondoka.

Bibi aliamua kwamba mama huyo atakuwa anakuja naye saa nane kutazama kanda. Wiki iliyofuata tulikwenda kumwalika. Tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Bibi alipiga hodi mara tatu. Jirani akatoa kichwa akasema amehama. Amehamia wapi? Hajui. Lini? Hakumbuki. Kwani alikuwa na ndugu wapi? Jirani akarudisha kichwa ndani. Pembeni ya mlango karanga zilikuwa zimemwagika na ungo umekanyagwa katikati. Bibi aliuokota ule ungo, akaubeba kichwani hadi nyumbani, akipita katikati ya mtaa polepole, akimsalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake. Nao wakaitikia wakitazama chini. Hiyo ndiyo siku niliyomwona bibi yangu amekasirika kuliko zote, na hakupaza sauti.

Aliishi nasi miaka sita zaidi, akafa kitandani kwake. Banda la Mama Video sasa ni duka la vocha na vipodozi. Kanda ziliota ukungu, deki ikauzwa chuma chakavu. Bomba liko kila nyumba, hakuna tena foleni ya ndoo, na hakuna pa kusimulia. Vyote hivyo navililia, sioni aibu.

Lakini usiniambie habari za uongo. Waliomhamisha yule mama hawakuwa watu wa kupenda uongo. Walikuwa watu makini, wenye kazi na familia, waliotaka kujua ukweli tu: mtoto wa fulani kaugua kwa nini, na haya macho ni mekundu kwa nini. Majibu walikuwa nayo kabla hawajauliza. Ukikosa cha kumpa mtoto wa ndugu yako, mpe filamu ya ajabu kuliko zote uwezazo kuzipata. Mwache akae saa mbili na kitu asichokielewa, astaajabu, acheke, kisha ainuke aende zake bila kumkamata mtu. Mtaa wetu mzima haukulijua hilo.

Yule mama jina lake silijui. Kila nikipita Mabatini nauliza, na kila ninayemuuliza ananiambia hakuna mtu kama huyo aliyewahi kuishi pale.