Sauti ya Kasuku

Nje kidogo ya lango la mji mkongwe wenye ukuta kuna hoteli ya bei nafuu. Vyumba vyake ni vyembamba, ukifungua begi sakafuni inabidi uliruke ili ufike kitandani. Wanaolala pale ni wale ambao hoteli za ndani ya ukuta zimewashinda bei. Wanapata shuka safi, maji ya moto yanayokuja yakipenda, na dirisha linalotazama mawe ya ukuta. Asubuhi wanapata mayai ya Mama Mayai.

Mama huyu alikuwa mpishi pale tangu hoteli haijaongezwa ghorofa ya tatu. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mumewe, ambaye watu walimwita Kasuku. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni wa hoteli baada ya chai na kuwatembeza ndani ya ukuta, akiwasimulia nani alijenga mnara upi, lango lipi lilizibwa kwa nini, na mfalme gani alimtoroka mkewe kwa kupenya kwenye mfereji wa maji machafu. Wageni walishika mbavu. Nyumbani nako hakunyamaza.

"Pumzika basi, baba watoto. Hata redio huzimwa."

"Redio ina betri, mke wangu. Mimi nina wewe."

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Akasingizia vumbi la mji mkongwe, akanywa asali, akanywa dawa za kikohozi, wapi! Hospitalini daktari aliwaambia kuna uvimbe kwenye koromeo, na ukiondolewa utaondoka na sauti. Watu hukata kauli wanapokaribia kufa. Kasuku alikata kauli angali anakula, anatembea na anakasirika.

Baada ya kupasuliwa alirudi nyumbani akalala, akaipa dunia mgongo. Mkewe alimwacha aomboleze sauti yake. Lakini asubuhi moja wageni walifika mezani wakimuulizia Kasuku, wamesifiwa na wenzao waliotangulia. Mama Mayai akazima jiko, akavua aproni, akaenda nyumbani.

"Vaa viatu," akasema. "Wewe utatembea, mimi nitasema."

Kasuku akamtumbulia macho.

"Ndiyo, mimi! Kwani miaka yote hiyo ulidhani nilikuwa nimelala?"

Wakaenda. Kasuku mbele na fimbo yake, mkewe nyuma kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kila Kasuku aliponyoosha fimbo, yeye alisimulia. Alipofika kwa yule mfalme mtoro, fimbo ikagonga mawe, ko ko ko! Kasuku alikuwa akitikisa kichwa.

"Mume wangu anasema nimewadanganya," akawaambia wageni. "Mnara alimotoroka mfalme ni ule pale. Lakini mfalme ni yuleyule, na mke ni yuleyule."

Wageni wakaangua kicheko. Kasuku naye akacheka, mabega yakimruka bila sauti kutoka. Tangu alipopasuliwa mkewe hakuwa amemwona akicheka. Ilimbidi ageukie ukuta, ajifanye anachunguza mawe, mpaka macho yakauke.

Wakaendelea hivyo muda mrefu. Jioni Kasuku alimsahihisha kwa mikono, wamekaa kitandani. Siku moja mkewe akang'amua.

"Ngoja kwanza. Huyu mfalme alikuwapo kweli?"

Kasuku akapandisha mabega.

"Mwongo mkubwa wewe!" akampiga kwa mto, naye akaanguka chali akicheka kimya.

Uvimbe uliporudi haukupiga hodi. Kasuku alifariki asubuhi, mkewe akiwa hotelini jikoni. Binti yao alipopiga simu, Mama Mayai aliyafunika mayai yasipoe, maana mgeni hana kosa, kisha akaondoka.

"Mtu mwenye maneno yote yale," alimwambia binti yake msibani, "anakwenda bila hata la kuniaga."

"Mama, si alikushika mkono jana jioni?"

"Mkono si neno, mwanangu."

Baada ya msiba, meneja wa hoteli alimwomba aendelee kutembeza wageni. "Hadithi zote unazijua, mama."

Akajaribu. Alisimulia vizuri langoni, akasimulia kisimani. Alipofika mnarani akageukia mbele kutazama kama amekosea. Mbele kulikuwa na njia tupu na jua. Nyuma yake wageni walimsubiri.

"Samahani wanangu," akasema. "Nimeishia hapa."

Matembezi yalikuwa hayajafika hata nusu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimpokea mkoba, wakarudi naye taratibu hadi hotelini.

Sasa wageni wanatembezwa na kijana mpole aliyesomea historia, na wanamsifu. Mama Mayai bado yuko jikoni. Binti yake amehamia kwake asije akakaa peke yake, lakini naye amemrithi mama, si msemaji. Jioni wanakula, wanaosha vyombo, wanalala mapema.