Mwanangu Alinitafutia Chumba Mtaa wa Wachina

Nawaomba mnisitiri jina. Nna miaka sabini na tisa, mjane, mzaliwa wa Unguja, na tangu ujana wangu naishi Maskati. Nilisomesha jiografia mpaka nikastaafu. Sasa nimelala Ansab, hapa hapa Maskati, nyumbani kwa mwanangu, na mkono unaoandika haya unachoka upesi. Nyinyi mnaosoma ni wengi na hamnijui, na ndiyo sababu nimewachagua. Kuna jambo sijamwambia mtu wa nyumbani hata mmoja: nnajua kuwa nnakufa.

Mwanangu, nimwite Nasri, anaamini sijui. Kaniambia ni vidonda vya tumbo.

Tulikwenda Bangkok kwa matibabu, kama waendavyo wengi wa huku. Watu wetu hufikia mtaa wa Waarabu, karibu na hospitali. Mikahawa ina wali tunaoujua, wauza dawa wanasema Kiarabu, na ukitoka mlangoni unakutana na nusu ya Maskati. Nilikuwa nimefungasha mpaka vikombe vyangu vya kahawa, nikijua wageni watakuja kunitazama. Teksi ikaupita mtaa ule bila kusimama.

"Tunakwenda wapi?"

"Mtaa wa Wachina, Mama. Huku kelele, hutolala."

"Toka lini wewe ukaogopa kelele, nawe umekulia Matrah, sokoni, juu ya duka la masufuria?"

Akacheka, lakini hakugeuka kunitazama.

Nyumba ya wageni ya kwanza aliniacha kwenye kiti changu cha magurudumu, kando ya tangi la samaki, akaenda kuzungumza na binti wa mapokezi kwa sauti ya chini. Nasri husahau kuwa kifaa changu kipya cha masikio kinasikia kuliko yeye. Alimuuliza kama wana wageni kutoka Oman. Yule binti akafurahi, akidhani anatafuta wenzake.

"Wapo! Familia mbili, ghorofa ya tatu. Watu wazuri sana."

Nasri akamshukuru, akanisukuma tukatoka.

Nyumba ya pili, Waomani hamna, lakini yupo bibi mmoja wa Kuwait.

"Anapenda kuzungumza na watu?" mwanangu akauliza.

"Sana! Kutwa yuko hapa chini."

Tukatoka. Ya tatu ilikuwa juu ya duka la samaki wakavu, nikapanda ngazi nimemwegemea Nasri, na harufu ikapanda pamoja na sisi. Mwenye nyumba, mzee wa Kichina, alisema hajapata kumlaza Mwarabu tangu afungue. Nasri akashusha mizigo hapo hapo.

Kwetu mgonjwa wa maradhi yale yasiyopona haambiwi. Ataambiwa vidonda, ataambiwa gesi, na nyumba nzima itashika neno hilo moja. Lakini kwetu pia mgonjwa hutazamwa, na wanaokuja kumtazama ndio wanaovujisha. Mmoja atamshika mkono muda mrefu kupita kiasi, mwingine atauliza yamefika wapi. Nimekaa kwenye nyumba nyingi za namna hiyo. Mtu anayemkimbiza mama yake mbali na wageni, akamlaza pahala ambapo hakuna wa kumwamkia, ana kitu anakificha. Nilikaa juu ya kitanda kile nikafahamu. Sikulia. Niliingoja khofu ije, haikuja. Nikavua viatu nikavipanga chini ya kitanda.

Kila siku Nasri alivuka mji kuniletea chakula cha halali, kikafika kimepoa. Nilikila. Alininunulia birika jipya, la pale halimtulizi moyo, hajui limepikiwa nini. Nilimwambia chai tamu. Daktari akitaka kusema neno, Nasri huingia peke yake, nami nikitazama mlango.

Tumerudi, na nguo zangu zote zimekuwa za mtu mwingine. Kufa hakunisumbui. Anayenisumbua ni mdogo wangu, Zuwena, anayekaa Bustan, mtaa mwengine wa mji huu huu. Sisi hatuagani bila ya kutakana radhi. Hata mtu akienda Hija tunakaa chini tukaambiana, nilichokukosea nisamehe, nami nimekusamehe. Nasri kamkataza asije ovyo, kwa kuwa machozi yake yako karibu. Wiki iliyopita Zuwena alikuja, Nasri akiwa kazini, akakaa pembeni ya kitanda na buibui lake.

"Nnaambiwa vidonda, dada."

"Ndiyo, vidonda."

"Vibaya hivyo."

"Vibaya."

"Basi acha pilipili."

"Nimeshaacha."

Tukaitazama televisheni iliyozimwa sauti. Anajua, nami nnajua kuwa anajua. Lakini nikimtaka radhi ataangua kilio, msichana wa kazi atasikia, na jioni Nasri ataambiwa. Aliponyanyuka akanambia, "Haya, tutaonana," akashuka ngazi.

Jana Nasri kaingia na khabari kuwa tunarudi Bangkok, ipo dawa mpya. "Chumba kile kile, Mama, nimeshampigia yule mzee." Uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaiona miezi mingi. Amekonda kuliko mimi, maskini. Hunijazia kikombe, hunikunjia shuka, hucheka pasipochekesha, ili mradi nisijue. Siri hii ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo kwangu. Nikimwambia nnajua, nimemvua kila alichokifanya, hata zile safari za chakula kilichopoa. Nisipomwambia, nitapanda ndege, na mwili wangu unanambia hautorudi. Nitafia juu ya duka la samaki wakavu, na Zuwena atakuwa hakunipa radhi, wala mie sikumpa.

Nyinyi mliouguza wazee wenu, na nyinyi wazee wenzangu, nisemesheni. Nimwambie mwanangu kuwa nnajua, nibaki hapa nimwite mdogo wangu? Au nimwachie siri yake, nende nayo? Msichelewe kunijibu. Tunaondoka Alkhamisi.