Kizee Aliyesimama Kinuni

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kumrusha mchawi.

Ilikuwa miaka ya tisini, ughaibuni, North York, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia. Tulikuwa watu wachache tuliobanana katika ofisi yenye joto la hita la kupasua midomo, tukitengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezaji alikuwa binti aliyepotea msituni, na adui yake kizee mchawi wa hadithi za Kirusi: mguu mmoja mfupa mtupu, pua kama ndoana, nyumba iliyosimama juu ya miguu ya kuku. Kizee huyo husafiri angani ndani ya kinu. Mchi ndio wa kuendeshea, na mkono wa pili hushika ufagio wa kufuta njia nyuma yake, asijulikane alikopita.

Bosi aliponieleza hayo nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nikajizuia. Kisha nikaanza kuwaza kama kule kujizuia kumeonekana dharau. Ndivyo nilivyokuwa. Ndani ya lifti nilifanya mazoezi ya kusalimia. Kompyuta ikiniuliza kama nina hakika nataka kufuta kitu, nililisoma lile swali kama swali la mtihani, nikitafuta mtego.

Lakini kinu! Nilikulia Morogoro, na kwetu kila mtoto anajua kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Ungo ni mwepesi, ni mpana, unakaa vizuri juu ya upepo. Kinu ni gogo. Nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani niliwaona mabibi wa Kirusi na mabibi zangu wamekaa mkeka mmoja, wakigawana vyombo vya jikoni: ninyi chukueni kinu, sisi tunabaki na ungo. Nilicheka peke yangu mpaka abiria wa jirani akasogea.

Nilikuwa katika kipindi cha majaribio. Mama mmoja mchoraji, mtu mzima aliyetoka Urusi miaka michache nyuma, alimchora kizee kwenye karatasi. Kazi yangu ilikuwa kumhamishia kwenye kompyuta, kidoti kwa kidoti, kisha kumpa mwendo. Nafasi kwenye diski ilikuwa finyu, kwa hiyo kuruka kwake kulipewa picha nane tu. Zikiisha zinaanza upya, na jicho linadanganyika kwamba kitu kinakwenda.

Siku picha nane zilipokubali kuzunguka kwa mara ya kwanza, nilisimama bila kujua. Kizee alikuwa akipita juu ya miti! Jana yake alikuwa vidoti tu, leo ana safari zake. Nilimwita bosi, nikamwita mama mchoraji, nusura nimwite na mwenye duka la mazulia.

Bosi aliangalia mikono ikiwa mfukoni.

"Anafanana na bibi aliyekwama kwenye beseni," akasema.

Nikaangalia tena. Kweli. Alikuwa ameketi, magoti hayaonekani, amekumbatia mchi kama mtu anayesubiri kuogeshwa.

"Ijumaa ijayo wanakuja watu watakaosambaza mchezo," bosi akaendelea, kwa upole ulioniogopesha kuliko ukali. "Asipotisha, tunamweka joka. Joka tunalo tayari kutoka kwenye mchezo uliopita. Majoka yanauzika."

Joka halikuhitaji mtu wa kulirusha. Lilikuwa linaruka tayari. Kizee akiondoka, naondoka naye. Hilo sikuhitaji kulifikiria mara mbili, ingawa nililifikiria mara nyingi zaidi ya hapo.

Niliishi na dada yangu, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulea wazee. Dada alikuwa ameiombea kazi yangu kanisani tangu nilipoitwa kwenye usaili, na kina mama wote wa ibada ya Kiswahili waliitikia amina. Hakuna aliyejua habari za mchawi. Nilikuwa nimewaambia ni "mchezo wa watoto", na si uongo.

Jumamosi tulikwenda mji wa jirani, Brampton, kwa mama mmoja wa kanisani. Kulikuwa na binti wa kuozwa, na kina mama walikuwa wakitwanga mchele uliolowekwa kwa ajili ya vitumbua. Unga wa dukani upo, lakini mama mwenye nyumba alisema kitumbua cha unga wa dukani ni mkate wenye kiburi. Alikuwa na kinu halisi cha mti, kilichosafiri kutoka nyumbani kimefungwa kwa khanga katikati ya shehena ya mtu. Ndani ya nyumba hakikuruhusiwa, kwa sababu mpangaji wa chini aliwahi kudhani dari linaanguka. Basi walitwangia gereji, mlango umefungwa, wamevaa makoti ya theluji na kofia za sufu, wawili wawili kwa kupokezana, pumzi zao zikitoka kama moshi.

Walipopumzika kunywa chai, nilibaki na kinu. Kilikuwa kimemwagwa na kufutwa, kitupu. Nikakizunguka. Kichwani mwangu kulikuwa na swali moja tu: magoti yake yanaingia wapi? Bila kufikiri, mimi ninayefikiria kila kitu, nikageuka nikakikalia.

"Wee!"

Sijui nani alianza. Gereji nzima ilipiga yowe. Kila aliyelelewa kwetu anajua kwamba kinu hakikaliwi.

"Inuka! Inuka hapo, unataka mama yako augue?"

"Kwetu wanasema hutaolewa!"

"Huyu haolewi kwa ile kompyuta, kinu kisisingiziwe."

Dada alinivuta mkono kama mtoto. "Mdogo wangu, umerukwa na akili? Umekalia kinu cha watu!"

"Nilitaka kujua mchawi anakaaje humo," nikasema.

Nikalazimika kueleza yote: msitu, miguu ya kuku, Ijumaa, joka. Dada aliniangalia kwa macho ambayo bado nayakumbuka.

"Kwa hiyo ndiyo kazi tuliyokuombea? Kanisa zima limempigia magoti mchawi?"

"Subiri kwanza, dada yake," mama mwenye nyumba akamkatiza, kikombe mkononi. "Mchawi wa wapi anaruka na kinu? Wa kwetu wana ungo."

"Wa Urusi."

"Kizito hicho! Anakibebaje?"

"Nchi zilizoendelea, shoga. Labda kina injini."

Walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa chai. Kisha mama mwenye nyumba akakifuta kinu kwa maji, akakinong'oneza kitu, akamimina mchele, wakaanza tena. "Na wewe shika mchi," akaniambia. "Ulipe faini."

Nikashika. Mikono ilikuwa imesahau, kisha ikakumbuka yote kwa pamoja. Unainua, unaachia, mchi unapanda wenyewe kidogo, na katika kale kanafasi ambako uko hewani mkono wako uko huru: unarudisha punje zilizoruka ukingoni, au unapiga kofi moja la madaha, halafu unaudaka na kuushusha kwa uzito wa mgongo wote. Puu! Sakafu ya gereji ilitetemeka. Makopo ya rangi kwenye rafu yakagongana.

Hapo ndipo nilipomwona. Kizee hawezi kukaa! Kinu hakikaliwi, si kwetu wala angani. Anasimama ndani yake, anatwanga hewa, na kila pigo linakirusha kinu juu. Hapandi kama puto. Anapanda kwa mapigo. Na mchi ukiwa juu, hapo ndipo binti wa msituni ana nafasi ya kukimbia chini yake, na ukishuka amekwisha.

"Punguza, mwanangu," mama mwenye nyumba akasema, "utatoboa nyumba ya benki, na deni lake bado."

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mwenye funguo, nikasubiri ngazini nikiwa nimevaa koti. Nilichora upya picha zote nane. Anainua mchi, anaurusha, anapiga kofi, anaudaka, anashindilia, kinu kinaruka. Zilipozunguka, ngozi ya kichwa ilinisisimka. Hakuwa bibi wa beseni. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu na nia mbaya, na alifurahia kazi yake.

Kisha hofu ikaja, kwa zamu yake. Huyu si kizee wangu. Ni wa mama mchoraji, amelala na kuamka na hadithi zake tangu utotoni, na mimi nimempigisha kofi la Morogoro. Niliandaa maelezo. Nikaandaa na maelezo ya maelezo. Alipokuja kusimama nyuma ya kiti changu na bilauri yake ya chai, niliyasahau yote.

Aliangalia kwa muda mrefu.

"Wetu hapigi kofi," akasema.

"Samahani. Nitaondoa."

"Sijasema uondoe. Nauliza ufagio uko wapi."

Ufagio! Mikono miwili ilikuwa kwenye mchi, nikausahau kabisa.

"Asipofuta njia, si yeye," mama mchoraji akasema. "Mchawi yeyote anaruka. Huyu haachi alama. Hilo ndilo lililonifanya nijifunike blanketi nikiwa mdogo, si pua."

Nilimweleza kuhusu ile nafasi, mchi unapokuwa hewani na mkono uko huru. Nilisimama nikamwonyesha kwa bomba la kadibodi la kuwekea michoro, na punje zisizokuwepo. Akaweka chai chini, akaninyang'anya bomba, akarusha, akakosa kudaka, likagonga mtambo wa kuchapia. Bosi akatoa kichwa mlangoni.

"Mnafanya nini?"

"Kazi," mama mchoraji akajibu bila kugeuka. Akarusha tena. Safari hii, bomba likiwa juu, mkono wake wa kushoto ulifagia hewa nyuma ya kiuno, haraka, kama mtu anayeficha jambo mbele ya mgeni. Kisha akadaka. "Hapo," akasema, akihema. "Kofi likae kando. Hapo anafuta njia."

Tulichora tukiwa wawili, viti vimegusana. Mchi juu, ufagio unapita, miti nyuma yake inajifunga kana kwamba hakuna aliyepita, mchi chini, puu. Nilirekodi sauti kwa kugonga kamusi juu ya meza.

Ijumaa wageni walikuja kutoka Richmond Hill, wawili, viatu vyao vikiacha maji ya theluji kwenye zulia. Mmoja alikaa kwenye kompyuta. Mimi nilisimama karibu na ukuta nikihesabu kila alichoweza kukichukia. Alimtembeza binti msituni, taratibu, akizungumza na bosi habari za masanduku na bei. Ikasikika kamusi. Puu. Akanyamaza. Puu, karibu zaidi. Kizee akatokea juu ya miti, amesimama wima, mchi hewani, na yule bwana akarudi nyuma na kiti chake mpaka magurudumu yakanikanyaga mguu.

"Mama yangu!" akasema, kwa lugha yao. Binti wa msituni alikuwa ameshapondwa.

Akaanza tena. Akapondwa. Akaanza tena, amevua koti. Mwenzake akamwambia apishe, akakataa. Chakula alichoagiza bosi kilipoa kwenye maboksi, na hakuna aliyelitaja joka.

Walipoondoka, bosi alipita mezani kwangu. "Lile joka lifute kwenye mashine," akasema. "Kizee anahitaji nafasi. Mwongezee picha."

"Ina maana—" nikaanza.

"Ina maana ana kazi," akasema. "Na wewe pia."

Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo kabla sijamaliza kulisoma swali, kisha nikampigia dada kazini kwake.

"Nimepata!" nikapiga kelele, na hata mwenye mazulia alisikia nadhani. "Wameniajiri!"

"Bwana asifiwe!" Nyuma yake nilisikia wazee wakiuliza kuna nini. Kisha akashusha sauti. "Na yule bibi yako wa kinu?"

"Naye wamemchukua."

Dada akaguna.

"Jumapili nitashukuru kwa ajili yako," akasema. "Yeye ajishukurie mwenyewe."