Mama Mstari na Ndege Iliyopenda Majani

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa basi la shule, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoa hata gurudumu moja nje ya lami. Wenzake wa gereji walimbandika jina la Mama Mstari. Mwanzoni lilikuwa la utani, maana alikuwa mwanamke pekee kati yao na aliendesha kama mtu anayefuata uzi ulionyooshwa barabarani. Baadaye utani ukaisha, jina likabaki. Hata mwalimu mkuu alilisahau lile la kwenye karatasi.

Kilichomshusha kwenye basi ni goti la kushoto, goti la klachi. Lilianza kwa kulia kama bawaba kavu, likaja kuvimba, mwisho likapasuliwa. Akarudi nyumbani na mkongojo, barua ya kustaafu na karatasi ya mazoezi: kaa kitini, sukuma nyayo mbele na nyuma, mara mia kwa siku.

"Mara mia!" alisema. "Nisukume nyayo niende wapi?"

Daktari wa mazoezi alikuwa mwanamke wa sauti ya upole na macho yasiyodanganyika. Alipokuja mara ya tatu alikishika kifundo cha mguu, akakikuta kimekaza kama bolti yenye kutu.

"Mama, mazoezi unafanya?"

"Nafanya sana."

Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye kona ya sebule ile ile, akakohoa. Daktari akaandika kitu kwenye daftari.

Aliyepata dawa ni binti yao, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta kwenye duka moja mjini. Jumamosi alikuja na kompyuta kuukuu, mkono wa kuongozea ndege na pedali mbili za chuma, akavipanga juu na chini ya meza ambayo baba yake alikatia vitambaa.

"Huu ni mchezo wa kurusha ndege, mama. Miguu inasukuma pedali. Hutahesabu mara mia, wewe utaruka tu."

"Mimi na michezo ya kompyuta wapi na wapi?" alisema Mama Mstari, lakini kiti alikuwa ameshakisogeza.

Binti akamfungulia ndege ndogo ya kujifunzia, yenye pangaboi moja puani. Mama akaitazama kama dereva wa lori aliyekabidhiwa toroli.

"Huyu mbu ni wa nani? Na ile pale ni ipi?"

"Ile ni ndege ya kivita. Ina mbio mno, mama, hata mimi bado—"

"Nipe hiyo hiyo."

Binti akamweleza taratibu. Mkono wa kushoto unaongeza mafuta. Wa kulia unashika mkono wa kuongozea, ila huo auache kwanza, kwa sababu ndege ikiwa bado kwenye lami inanyooshwa kwa miguu. Akisukuma pedali ya kushoto, gurudumu la mbele linageukia kushoto. Ya kulia, kulia. "Kidogo kidogo, kama unabembeleza. Na usikandamize juu ya pedali kwa vidole, hapo ni breki. Kila mguu una breki ya upande wake."

"Breki unanifundisha mimi?"

Njia ya kurukia ilinyooka mbele yake, pana kuliko barabara yoyote aliyowahi kupita, na mstari mweupe katikati. Hakuna pikipiki, hakuna mbuzi, hakuna askari. Alicheka kwa dharau, akasukuma mafuta. Injini ikanguruma hadi pini zikacheza kwenye kikopo cha mumewe. Ndege ikaenda vizuri mwendo wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha pua ikaanza kuvuta kulia. Akasukuma kushoto, ikarudi, ikapitiliza. Akasukuma kulia, na hapo ikala kona moja kwa moja, ikaacha lami, ikaingia kwenye majani na kuchimba udongo kwa bawa.

Mumewe aliacha kushona, akachungulia skrini.

"Upepo," alisema Mama Mstari.

"Upepo nimeuzima, mama."

"Basi ndiyo hapo. Tairi la kulia halina upepo."

Kufikia Jumatatu alikuwa ameingia kwenye majani mara thelathini na moja, zote upande wa kulia. Aliyehesabu ni mumewe, na wala hakuombwa. "Majani ya kulia umeshayamaliza kuyafyeka," alisema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Kesho jaribu ya kushoto."

Jioni binti alipita kutoka kazini, akazipima pedali moja moja, akaziona nzima. Kisha akafanya kosa: akakaa mwenyewe kwenye kiti na kuirusha ndege, sawasawa kama rula. Mama yake akanuna.

Siku ya nne alikuja makanika wa gereji, rafiki yake wa siku nyingi, kumjulia hali. Alipomkuta mgonjwa yuko ndani ya ndege ya kivita alishika kiuno.

"Dada, barabara zimekuchosha, sasa umehamia mawinguni?"

"Kaa hapa tukuone."

Makanika akakaa. Alikwenda upogoupogo kama panya aliyekosa shimo, huku amekodolea macho pua ya ndege.

"Usitazame pua!" Mama Mstari akapaaza sauti. "Tazama mwisho wa barabara! Ukitazama karibu utafukuza kila kosa!" Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha madereva wapya wa shule. Makanika akainua macho, akapunguza papara za miguu, na mara ya tatu akapaa akiimba.

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu ambaye kila mwezi anagonga lango la gereji! Tena kwa maelekezo yake mwenyewe! Mgeni alipoondoka, Mama Mstari alikaa akiitazama skrini iliyozimwa.

"Mzee," alisema polepole, "labda walifanya vizuri kunistaafisha."

Mumewe alikuwa na neno la mzaha kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

Kesho yake asubuhi, kifungo cha shati la mteja kilimponyoka fundi, kikabiringika chini ya meza. Akakifuata kwa magoti, tochi mkononi, wakati ule ule mkewe anaongeza mafuta kwa mara ambayo sasa hata fundi mwenyewe hakuihesabu. Ndege ikavuta kulia, ikaingia majanini.

"Mke wangu," ilisema sauti kutoka chini, "hebu rudia."

"Nirudie nini? Unataka kucheka tena?"

"Rudia tu. Mimi niko huku na miguu yako."

Akarudia. Injini ikanguruma, mstari mweupe ukaanza kukimbia.

"Huo hapo!" mumewe akapiga kelele, akagonga kisogo kwenye meza. "Mguu wa kulia! Ndege ikishika kasi tu, vidole vinajikunja juu ya pedali. Unakanyaga breki!"

"Nani? Mimi?"

"Basi ni mimi."

Mama Mstari akainama, akautazama mguu wake. Kweli, vidole vilikuwa vimekunjamana juu ya chuma kama vimeshikilia tawi, na yeye hakuwa na habari. Upande wa kulia ulikuwa umefungwa breki kila siku, na yeye akashuku upepo, tairi, pedali, kila kitu isipokuwa mguu wake.

"Watoto arobaini mgongoni kwangu," alisema. "Ukiona mpira unavuka barabara, ujue nyuma yake anatoka mtoto mwingine. Huu mguu haujalala miaka ishirini na sita, mzee. Haujui kulala."

"Najua," alijibu mumewe kutoka chini ya meza. "Lakini humo hamna mtoto. Uko peke yako."

Mama Mstari alianza kucheka, na katikati ya kicheko akajikuta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Ila kuujua ugonjwa si sawa na kupona. Alivua viatu, akaweka visigino chini, akajiambia vidole vilale. Vililala mpaka mwendo ulipochanganya, kisha vikaamka kama kawaida. Mara nne, mara tano. Ndipo fundi alipokata uzi mweusi, ule mgumu wa kushonea mikoba, akamfunga kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia na kuushika mwisho wake.

Jumamosi binti alifungua mlango mchana akamkuta mama yake peku, kidole kimefungwa uzi, na baba yake amekaa sakafuni anauvuta, sindano mbili kinywani.

"Nyie mna nini?"

"Nyamaza," alisema mama yake. "Tunaruka."

Akaongeza mafuta. Pua ilipotaka kulia, uzi ukavutwa, kidole kikainuka, breki ikaachia. Akagusa pedali ya kushoto, kidogo, kama anayepapasa. Mstari mweupe ukarudi katikati. Macho akayapeleka mbali, kule lami inapokutana na mbingu. Jasho jembamba lilimtoka. Uzi ukavutwa mara ya pili, kisha haukuvutwa tena, kwa sababu mumewe alikuwa amechungulia juu ya meza kutazama na kuuachia bila kujua. Mstari ukabaki pale pale, chini ya tumbo la ndege, mpaka binti aliponong'ona, "Sasa, mama, vuta." Akavuta mkono wa kuongozea, na majani yote, ya kulia na ya kushoto, yakaenda chini.

Alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna arusi ya nani.

"Sasa nashukaje?" aliuliza baadaye kidogo.

"Huko hatujafika, mama."

Basi akazunguka juu ya bahari ya skrini mpaka mafuta yakaisha, na ndege ilipokuwa inatumbukia aliipungia mkono.

Wiki iliyofuata daktari wa mazoezi alikizungusha kifundo cha mguu, akakizungusha tena. "Safari hii umefanya kazi."

"Sijafanya zoezi hata moja," alisema Mama Mstari, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasema alichoamini.

Hazikupita siku nyingi mwalimu mkuu akapiga simu. Shule imeajiri madereva wawili wapya, wanatazama pua ya basi badala ya barabara. Je, angeweza kuja asubuhi mbili kwa wiki akae pembeni yao na kuwanyoosha?

"Nitakuja, mwalimu, tena kwa moyo wote. Ila iwe wiki ijayo. Wiki hii najifunza kutua, na mpaka sasa nimeshavunja ndege tisa."

Mwalimu mkuu akauliza kwa adabu kama waliopasua goti walimpima na kichwa.