Jumamosi Fundi Alipokuwa Abiria

Enzi zetu watu wazima walijipongeza kwa aibu, kama watu wanaoiba. Siku hizi kijana akipata hela kidogo ya ziada, mji mzima unajua. Kuku anapigwa picha kabla hajaliwa, glasi inapigwa picha, hata miguu inapigwa picha ikiwa imenyooshwa kuelekea ziwani, na chini yake kuna maneno ya kututangazia kwamba mwenye miguu anakula bata. Wazazi wetu wakitaka kula hata embe moja kwa nafasi, walitutuma kwanza duka la mbali.

Lakini walijipongeza, msidanganyike. Pale mtaani kwetu Mkuyuni, Mwanza, alikuwepo mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye starehe yake ilikuwa betri. Siku zote betri za redio yake zilianikwa juani pembeni ya dagaa ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Mshahara ukitoka, alinunua mpya zote nne kwa mpigo, na jioni hiyo mtaa mzima tulisikiliza taarifa ya habari bila kutoka majumbani kwetu. Jirani yetu Mama Happy yeye alipanda mpaka Mabatini kunywa chai ya hotelini. Ilikuwa chai ileile ya maziwa aliyoipika kwake kila siku, tofauti ikiwa moja tu: akimaliza, aliinuka na kukiacha kikombe mezani. Alirudi anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kuvishwa taji.

Mama yangu alinunua kitenge. Alikinunua, akakinusa, akakikunja na kukiweka sandukuni pamoja na naftalini. Mara mojamoja alifungua sanduku, akakiangalia, akafunga. Tulipomuuliza atakivaa lini alisema, "Kitenge kile si cha kuvaliwa ovyo." Miaka ikapita bila siku isiyo ya ovyo kutokea.

Na baba? Baba ndiye aliyetaka kutuvunjia nyumba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka karibu na soko, na kwa sababu hiyo sisi watoto wake tulikuwa matajiri wa aina yetu. Mpira wetu ulishonwa kwa vitambaa halisi, si wa makaratasi. Magari yetu yalikuwa na magurudumu ya vibiringo vya uzi. Vifungo tulivitumia kama hela, na mimi peke yangu nilikuwa na kopo zima, nikitamba nalo kuliko mabinti wa leo na kucha zao.

Ila kama umewahi kupeleka kitambaa kwa fundi, unajua yaliyobaki. Baba hakuwa mwongo. Alikuwa mtu asiyeweza kumkatalia mteja, jambo ambalo matokeo yake yanafanana sana na uongo. Kila mtu aliambiwa aje Jumatano. Jumatano wote walikuja. Baba alijifunza kumtambua mteja kutoka mbali kwa mwendo, na kabla hajafika, kitambaa chake kilikuwa tayari kimetolewa chini ya lundo, kimetandazwa na kuchorwa chaki. "Ndiyo naimalizia hii, mama! Umenikuta nayo mkononi!" Wengine walimfuata hadi nyumbani, hata baada ya ibada. Sisi tulifundishwa kusema, "Baba ameenda kununua uzi," tukiwa tunaiona miguu yake chini ya pazia la chumbani.

Hela ilimjia kwa misimu: Januari ya sare za shule, kuelekea Pasaka, kuelekea Krismasi. Na kila msimu wa hela ulipofika, baba alianza kupotea siku za Jumamosi.

Alioga kwa sabuni ya kipande kipya. Alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, ya kijivu, nguo pekee aliyowahi kuimaliza kwa wakati. Alipaka viatu rangi mpaka ukaona meno yako. Akaaga, "Naenda kununua uzi," akarudi alasiri mikono mitupu, ananukia samaki wa kukaanga, anapiga mluzi.

Mama alivumilia misimu miwili. Msimu wa tatu Mama Happy alikuja kuazima chumvi, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.

"Mama Neema, nisingesema, lakini mume wako leo nimemuona kwa dirisha anapiga pasi soksi."

"Soksi?"

"Soksi! Nani anapiga pasi soksi kwenda kununua uzi? Na shemeji yangu amemuona akipanda kivuko. Ana mji ng'ambo huyo, wala usijidanganye."

Mama aliendelea kuchambua mchele, lakini nilimwona anatupa mchele na kubakiza mawe. Jioni alilitoa sanduku lake uvunguni, akapanga nguo zetu watoto juu ya kile kitenge, akalisimamisha nyuma ya mlango. Kisha akanivuta pembeni. Nilikuwa na miaka tisa, mkubwa wa watoto wake.

"Jumamosi ijayo utamlilia baba yako mpaka akuchukue. Utaangalia anakwenda kwa nani, na huyo mtu anamwitaje. Kama kweli ana nyumba huko, sisi tunaondoka kwenda Majita kwa bibi yako, na hatutaaga."

Nilipenda kwenda kwa bibi, lakini si kwa sanduku namna ile. Wiki nzima niliukwepa ule mlango.

Jumamosi nililia vizuri, na baba, asiyeweza kumkatalia mtu, akanichukua. Kumbe alikuwa na utaratibu wake kama padri. Alikata tiketi za sehemu ya juu, yenye viti, ambako waliokaa ni watu wa mikoba na miwani. Alininunulia soda ya machungwa, akajinunulia na yeye moja. Alikunja nne, mguu juu ya mguu. Kivuko kilipong'oa nanga, akageuka kuutazama mji wa Mwanza ukirudi nyuma na mawe yake na nyumba zake juu ya mawe, na nikaona mabega ya baba yanashuka. Nilikuwa sijui kwamba siku zote huwa yamepanda. Kijana wa tiketi akapita, akamwambia, "Mzee, karibu sana." Baba akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu mwenye shamba la ng'ombe.

Njia nzima hakuna aliyemwita fundi. Alikunywa ile soda kwa muda wote wa safari, mimi yangu iliisha kabla hatujaiacha gati.

Ng'ambo tulishuka, tukaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha makuti cha mama muuza samaki. Yule mama alipomuona baba alitupa mikono juu.

"Mume wangu! Umekuja! Nilidhani umeniacha!"

"Nikuache niende wapi, mke wangu?" baba akajibu, akavuta kigoda.

Tulikula sato na ugali, tukapanda kivuko kilekile, tukarudi.

Nilitoa taarifa yangu jikoni, neno kwa neno. Mama aliuliza, "Anamwitaje?" Nikasema, "Anamwita mume wangu." Akauliza, "Na yeye?" Nikasema, "Anamwita mke wangu, na anajua kigoda kiko wapi." Baadaye nilipelekwa chuo kikuu, nikafundishwa namna ya kukusanya ushahidi, na mpaka leo nikisahihisha kazi za wanafunzi nawaandikia kwa wino mwekundu, "Umeacha jambo la msingi." Huwa nawaandikia nikijikumbuka mwenyewe. Maana jambo la msingi nililoliacha siku ile, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, ni kwamba mke huyo wa baba alikuwa bibi kizee asiye na jino hata moja mbele, anayetembelea fimbo. Kwa watu wetu bibi humwita kijana yeyote mume wake, na kijana huitika. Mimi mwenyewe babu yangu aliniita mke wake mpaka anakufa. Kwangu halikuwa jambo la kutolea taarifa.

Mama hakulia wala hakugomba. Jumamosi iliyofuata baba alipoaga kwenda kununua uzi, alimuacha afike barabarani. Kisha akafungua sanduku, akatoa kitenge. Kilikuwa na mikunjo iliyoota kama mistari ya daftari, na naftalini ilitutangulia njia nzima. Akanishika mkono. "Leo si siku ya ovyo," alisema.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekunja nne, soda mkononi. Alipotuona tunapanda ngazi, mguu wa juu ulishuka wenyewe.

"Mama Neema?"

"Baba Neema."

"Unakwenda wapi?"

"Kununua uzi."

Nikakaa katikati yao. Nawaambieni ukweli, ziwa lile ni kubwa, lakini siku hiyo lilikuwa kubwa zaidi. Baba alimpa mama soda yake. Mama akaishika bila kuinywa. Kivuko kikaenda.

Kule ng'ambo mama alitembea mbele, kitenge kinalia kwa upya, mpaka kwenye kibanda. "Yuko wapi?" aliniuliza. Nikanyoosha kidole. Bibi Kabula, ndivyo alivyoitwa, akajikongoja na fimbo yake, akamtazama baba, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Heee! Mume wangu, ndiyo umeniletea mke mwenza! Na alivyopendeza, unataka nife kwa wivu?"

Mama aliitazama ile fimbo. Akanitazama mimi kwa jicho ambalo nitalikumbuka nikiwa kaburini. Halafu akasema, "Shikamoo, bibi," na kabla marahaba haijatoka alikuwa amekaa chini mchangani na kitenge chake, anacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

Baba hakuelewa kitu. Ilibidi aelezwe huku tukila: soksi, Mama Happy, sanduku nyuma ya mlango. Aliposikia la sanduku aliacha kula.

"Sasa wewe," mama alimuuliza, "unalipa nauli ya kuja, halafu unalipa nauli ya kurudi, na huku huna ndugu, huna shamba, huna chochote. Unakuja kufanya nini?"

Baba alichezea mwiba wa samaki muda mrefu. "Kule kila anayeniona ananidai nguo," alisema. "Hata kanisani. Majini hakuna Jumatano. Napanda, natulia, naitwa mzee. Sikukwambia kwa sababu ungesema ni kuchezea hela."

"Ningesema," mama alikiri.

Wakati wa kurudi walikaa pamoja, mimi pembeni. Mama sasa alikuwa anainywa soda, kwa mafunda madogo ya kuidumisha. Tulikuwa katikati ya ziwa iliposikika sauti kutoka ngazini.

"Fundi! Hata huku upo? Magauni ya kwaya yako wapi, fundi? Pasaka imepita!"

Alikuwa katibu wa kwaya ya kanisani kwetu, anatoka kwenye msiba ng'ambo. Nikamuona baba anatafuta pazia. Hakukuwa na pazia, kulikuwa na maji pande zote. Mabega yakaanza kupanda, mdomo ukafunguka, na mimi nilijua kabisa ni siku gani ya wiki itakayotoka mdomoni mwake.

Mama akasimama. Akakiweka sawa kitenge chake.

"Katibu, shikamoo. Fundi utamkuta Jumatatu asubuhi barazani kwake, na magauni utayakuta, nyuzi za mwisho nitazikata mimi mwenyewe. Huyu hapa leo si fundi. Huyu ni abiria."

Katibu alitutazama, suti, kitenge, soda. Akasema, "Basi, safari njema," akashuka chini kwenye magunia. Na magauni yalikamilika Jumatatu, maana mama alikaa pembeni ya cherehani Jumapili yote baada ya ibada kama askari magereza. Tangu hapo, kila msimu wa hela, waliondoka wawili. Sanduku lilirudi uvunguni, bila kitenge. Kitenge kilivaliwa mpaka kikapauka, na sisi tuliobaki tulishika ulinzi mlangoni tukisema, "Wameenda kununua uzi."

Baba sasa hayupo. Mimi nimerithi kazi nyingine lakini ugonjwa uleule: sijui kumkatalia mtu, na kila mtu nimemwambia Jumatano. Mhariri ananidai makala, wanafunzi wananidai alama, ukoo unanidai mchango. Majuzi nilipata hela kidogo isiyo na jina la mtu, nikafanya kama vijana: nikaenda mahali pa kukandwa mgongo, pana mishumaa na muziki wa maji yanayotiririka, sisi tulio na ziwa zima pale nje. Nililala kifudifudi simu ikiwa mkononi, najibu ujumbe kupitia tundu la kitanda la kuwekea uso. Nilitoka mgongo ukiuma zaidi.

Jumamosi iliyopita nikamchukua mama. Tulikata tiketi za juu, tukanunua soda mbili. Ziwa ni lilelile, mawe ni yaleyale. Ila enzi za baba, ukiiacha gati ulikuwa umeondoka. Sasa katikati kabisa ya maji mtandao umejaa tele, na simu yangu ikaanza kulia. Nikaona mabega yangu yanapanda. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema Jumatano.

Mama alinyoosha mkono wake uliokauka, akaichukua, akaiweka sikioni upande wa kinyume, akapaza sauti mpaka watu wa chini kwenye magunia wakageuka.

"Hallo! Neema utampata Jumatatu. Leo ni abiria."

Akaitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu, akarudi kwenye soda yake, kwa mafunda madogo.