Kiwiko cha Namba Tano

Mpira sikuupenda, na mpaka leo siupendi. Sioni sababu ya watu wazima wenye familia kukimbizana uwanja mzima halafu warudi nyumbani wanachechemea, wanataka maji ya moto. Lakini hapa Makambako nimeishi na timu ya mpira ndani ya nyumba yangu kwa miaka mingi kuliko wengi wanaojiita mashabiki. Niliishi nayo kwenye beseni la kufulia. Na klabu ambayo historia yake naijua vizuri kuliko zote si timu yetu. Ni klabu moja ndogo ya Ucheki, nchi ambayo sijawahi kufika, na sina hakika kama katika yote ninayoyajua juu yake kuna hata neno moja la kweli.

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya umma ya malori. Karakana ilikuwa na timu, naye alikuwa beki wa kati, namba tano, tena nahodha. Mimi nilitoka Makete, karibu na Tandala. Yeye ni Mbena wa Kichiwa. Nilipoolewa nilikuta jezi za timu zimekaa ndani ya nyumba kama mawifi, na kazi ya kuzifua ikawa yangu bila mtu kuniuliza.

Ukaja wakati wa ruksa. Kila kitu kikawa ruksa: kuuza, kununua, kuagiza, na kufunga. Kampuni ikafungwa. Siku ya mwisho wafanyakazi walirudisha funguo, spana na jeki, kisha wakaambiwa warudishe na jezi, kwa kuwa zilikuwa na jina la kampuni kifuani. Nilikuwa nimezianika. Nilizianua mbichi, nikamkabidhi karani aliyetumwa kuzichukua, na nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mume wangu hakugomba, wala hakuzidisha pombe ya ulanzi. Aliacha tu kusema. Aliamka, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, akatazama malori ya watu binafsi yakipita barabarani. Nikimuuliza jambo, ananijibu kwa kichwa. Watoto wetu wawili, waliokuwa wadogo bado, walianza kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe. Niliogopa. Mtu anayegomba unajua yuko wapi. Huyu sikujua amekwenda wapi, na sikujua namna ya kumrudisha.

Kilichobaki ni mpira wa jioni. Timu ilikataa kufa pamoja na kampuni, ikaendelea kucheza vifua wazi. Wanaoujua upepo wa Makambako wa mwezi wa saba watanielewa nikisema nilizisikia mbavu zao zikigongana.

Pembeni ya uwanja hakukosa kuwapo mfanyabiashara mmoja wa mitumba, Mwislamu aliyetoka Kondoa, mtu mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuja kutafuta maisha kama nusu ya mji huu. Belo la mitumba ni bahati nasibu, maana unalinunua limefungwa na hujui kilichomo. Siku hiyo alifungua belo lake akakuta, katikati ya makoti ya wazee, rundo la jezi za mikono mirefu, za kijani zenye mistari myeupe, zote sare, zenye namba mgongoni. Aliziweka mezani sokoni na hakuna aliyezigusa. Nani anunue nguo ambayo mtaa mzima unaweza kuvaa inayofanana nayo? Akazifunga kwenye shuka, akazileta kwetu mwenyewe.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu kwa Kibena chake cha sokoni. "Nimewaletea hawa walio uchi. Baridi yao naisikia mimi."

"Na masharti yake?"

"Ijumaa wasianze kucheza mpaka nitoke msikitini. Sitaki kusimuliwa mabao."

Aliyetusomea maandishi ya kwenye beji alikuwa fundi mkuu wa zamani wa karakana, ambaye kampuni iliwahi kumpeleka Chekoslovakia kujifunza malori ya huko. Alizitazama zile herufi zenye vikofia juu, akasema ni Kicheki, na klabu ni ya mji mdogo asioufahamu. Nchi yenyewe, akatuambia, imeshagawanyika vipande viwili, kimyakimya, kama mke na mume walioachana bila kugombana. Nilimwambia wanandoa wa namna hiyo hawapo.

Nilizifua asubuhi iliyofuata kwa sabuni ya mche. Nguo ukiifua kwa mkono unajua mengi ya aliyeivaa. Ya namba tisa haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ya namba kumi na moja ilikuwa imevutwa kola mpaka ikapoteza umbo. Ya kipa mikono yake ilikuwa mirefu ajabu. Na ya namba tano ilikuwa imechanika kiwiko cha kulia, ikashonwa. Haikutiwa kiraka. Tundu lilifumwa upya kwa uzi wa kijani usiolingana sana, juu na chini, juu na chini, kama anayesuka mkeka. Fundi cherehani hashoni hivyo. Hivyo hushona mtu aliyekaa karibu na moto, nguo iko mapajani, na ana hasira kidogo. Mimi nashona hivyo.

"Baba watoto," nilimwambia pale kwenye kigoda chake, "huyu namba tano wa kwao alikuwa na mke."

Aliendelea kutazama barabara.

"Tena mke mwenyewe alikuwa amechoka naye. Tazama alivyovuta uzi hapa."

Aliichukua ile jezi, akakitazama kiwiko kwa kitambo. "Angekuwa amechoka naye," akasema, "angemwacha acheze na tundu lake."

Tangu karakana ifungwe hakuwa amenipa maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Nilijifanya sabuni imeniingia machoni.

Ndivyo Wacheki walivyohamia kwetu. Kila Jumatatu nilipofua, yeye alisogeza kigoda karibu na beseni, tukaendelea tulipoishia. Tuliamua namba tisa ni mtoto wa mwenye duka la mikate, ndiyo maana hakimbii. Kipa alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, kila mlango unampiga kichwa. Namba kumi na moja alivutwa kola kwa sababu ya kuku wa watu, si kwa sababu ya mpira. Theluji hatukuijua, kwa hiyo uwanja wao tuliupa barafu ya asubuhi kama ile ya Kitulo. Shemeji wa mitumba alipopita aliuliza kama wanakula nguruwe, nikamhakikishia kwamba namba tano hali. Watoto waliacha kunong'ona, wakaanza kubishana kuhusu kipa.

Mume wangu ndiye aliyeamua kwamba nao walikuwa timu ya kiwanda, kiwanda kikafungwa, na ndiyo maana jezi zikaishia kwenye belo. Nilimuuliza walifanya nini baada ya hapo.

"Bado sijajua," akasema.

Msimu wa pili wa zile jezi, kaka yake alimtumia ujumbe kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya: njoo, huku kazi ipo. Mume wangu hakuniambia. Niliambiwa na shemeji wa mitumba, aliyekuwa amemuuzia begi. Wanaume kadhaa wa mtaa wetu walikuwa wamekwenda huko. Baadhi walirudi. Wengine walioa hukohuko, na wake zao wa Makambako wakawa wanapata habari zao kwa wasafiri. Sikuwa na hoja ya kumzuia. Watoto walihitaji kusoma, na kulima peke yangu nilikuwa naweza. Nisichokiweza ni kuvumilia nyumba ile inyamaze tena.

Jumapili ya kuamkia safari walicheza Njombe. Walirudi jioni na lori la mbao, wamelowa manyunyu, na wamefungwa. Alivua jezi akanipa. Ilikuwa imechanika kiwiko kilekile, pembeni kidogo tu ya mshono wa yule mwanamke. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyelitaja. Niliishika jezi juu ya moto mpaka ikaacha kutoa mvuke, nikachukua sindano.

"Huyu namba tano wa kwao," akasema, anatazama moto, "kiwanda kilipofungwa nadhani aliitwa mbali. Kwenye machimbo."

Sindano ilisimama mkononi mwangu. "Akaenda?"

"Sijui. Mke wake alisemaje?"

Sisi hatukulelewa kuambiana mambo ya moyo uso kwa uso. Mama yangu hakuwahi kumwomba baba yangu abaki mahali popote. Lakini mke wa Mcheki hakulelewa Makete.

"Alisema njaa anaijua na haiogopi," nikajibu. "Alisema anachoogopa ni kuishi na kigoda kitupu. Akamwambia abaki, hata kama watakula viazi mwaka mzima. Alisema anampenda, yule mjinga."

"Alisema yote hayo?"

"Wazungu wanasema."

Alicheka mpaka watoto wakaja kutazama kuna nini. Asubuhi, basi la Mbeya lilipopiga honi stendi, yeye alikuwa uani anasukutua. Ndani ya lile begi tuliweka mbegu za mahindi.

Viazi tulivila kweli, na zaidi ya mwaka. Alianza kutengeneza malori ya watu kando ya barabara, polepole akapata wateja. Timu iliendelea mpaka uwanja ulipopimwa viwanja vya nyumba. Jezi zilichakaa, nyingine zikazikwa na wenyewe. Ya namba tano ninayo. Kiwiko chake kina mishono miwili, wa kwake yule na wa kwangu, na kusema haki wake ni mzuri zaidi.

Mwaka huu mume wangu amenyamaza tena. Safari hii ni kiharusi. Daktari anasema anasikia kila kitu, ila kauli imekwenda na mkono wa kulia umelala. Watoto wetu, watu wazima sasa, wakija humpigia kelele masikioni, kisha wananong'ona ukumbini kama zamani. Mimi asubuhi namtoa uani juani, nafua kidogo karibu yake, namsimulia Wacheki. Namba tisa ameota kitambi. Kipa ameoa mke mfupi, na sasa milango inampiga kwa sababu anamtazama yeye.

Juzi nilimwambia namba tano naye amepata kiharusi. Amelazwa kwake kule kwenye barafu, na mkewe ana hasira sana, kwa sababu alipomwambia abaki hakuwa na maana abaki hivi, bila hata neno moja la kumjibu. Nilikuwa nalia, na safari hii sikuisingizia sabuni.

Mkono wake wa kushoto, ule unaomtii, ulivuka kifua polepole mpaka ukakifikia kiwiko cha kulia. Ukakishika, na ukakaa hapo.

"Nimesikia," nikamwambia.