Injini Tuliyoikata

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu Kija. Niliikumbuka jana, ulipofika hapa Bariadi kwa likizo ukaniambia, mimi baba yako mdogo, kwamba unataka kuacha somo la kukereza vyuma, maana siku hizi hata injini za roketi zinachapwa kwa mashine.

Nilikuwa mhandisi kijana ughaibuni, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mwandoya, kwenye karakana ndogo ya injini za roketi. Tulikuwa tumechapa chumba cha mwako, sehemu ya injini ambamo mafuta huungua. Leza iliyeyusha unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya ukuta ikaacha mifereji myembamba ya kupitisha mafuta, ili ukuta upoe usiyeyuke. Kwa njia ya zamani tungeunganisha vipande vingi kwa miezi. Hiki kilitoka kizima, kwa siku chache tu. Nilikipapasa kama ndama wangu wa kwanza.

Siku ya kukiwasha ilikaribia. Mkuu wetu, mama mmoja asiyepandisha sauti, akakitazama, akasema, "Kikateni."

"Mama, hatuna kingine!"

"Unajua kilichomo ndani, au unatumaini tu?"

Tukakikata. Mfereji mmoja ulikuwa umezibwa na unga ulioganda. Tungekiwasha, ukuta ungetoboka, na huenda injini nzima ingelipuka.

Jioni nikampigia simu mama yangu. "Mwadila, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma, kisha nikamweleza. Akauliza, "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi kesho tengeneza kingine."

Tukatengeneza. Tulibadili mchoro ili unga upate pa kutokea, tukachapa upya, tukakipiga eksirei, na fundi akakereza sehemu za kuungia, kwa kuwa mashine huziacha na uso usio laini. Siku ya jaribio kiliwaka mpaka mwisho. Nilitoka nje nikalia.

Mashine ileile iliyotuficha kasoro ndiyo iliyotupa upesi nafasi ya pili. Kwa hiyo, mwanangu, usiidharau wala usiiabudu. Chapa umbo ambalo kekee ya kutobolea haifiki. Bomba la kawaida lililopo dukani usilichape kwa kutafuta sifa. Rudi chuoni ukamalize kukereza. Na kazi unayoipenda kuliko zote, hiyo ikague kwanza.

Mungu akujalie macho ya kuona yaliyojificha na moyo mpana unapokosolewa, na awalinde wote watakaoiamini kazi ya mikono yako.